Mahakama Ipi, na kwa Mamlaka Gani?

(Hotuba kwa viongozi wa makanisa na wanaharakati wa Migori na Homa Bay)

Waheshimiwa wachungaji, mapadre na masista. Wazee wa kanisa. Akina mama na vijana. Wananchi wenzetu mliotoka Rongo, Awendo, Kuria, Nyatike, Mbita, Ndhiwa na Oyugis: tunawasalimu nyote katika jina la Yule aliyeshtakiwa usiku na kuhukumiwa bila kosa.

Tumekuja kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi hudhani ni la mawakili peke yao. Mtu akikamatwa, ni mahakama ipi yenye mamlaka ya kumsikiliza? Apelekwe wapi, kwa muda gani, na kwa utaratibu upi? Maswali haya si ya vitabuni. Katika nchi yetu maswali haya yamekuwa tofauti kati ya mtu kurudi nyumbani kwa miguu yake na mtu kurudishwa ndani ya jeneza.

Ninyi mnalijua tunalolisema. Siku ya Jumamosi, tarehe 7 Juni 2025, mwalimu kijana, Albert Ojwang, alikamatwa nyumbani kwao katika Kaunti ya Homa Bay. Chanzo kilikuwa malalamiko ya afisa wa ngazi ya juu wa polisi juu ya maneno yaliyochapishwa katika mtandao. Alipelekwa kwanza katika kituo cha Mawego. Kutoka hapo alisafirishwa zaidi ya kilomita 300 hadi Nairobi, akafungiwa katika Kituo Kikuu cha Polisi. Kabla ya kukucha Jumapili alikuwa amekwisha kufa. Baba yake aliifuata safari hiyo akiwa na hati ya shamba mkononi, akitumaini kumwekea mwanawe dhamana. Polisi walisema kwanza kwamba marehemu alijigonga kichwa ukutani. Wataalamu waliouchunguza mwili wakakuta majeraha ya kichwa, dalili za kukabwa shingo na michubuko mingi, mambo ambayo mtu hajifanyii mwenyewe. Baadaye mwezi huo huo maafisa wa polisi na raia kadhaa walishtakiwa kwa mauaji. Kesi hiyo ina mahakama yake, nasi hatutaihukumu hapa. Tunalotaka ni kuitazama njia aliyopitishwa kijana yule, tuulize sheria inasema nini katika kila hatua.

MAMLAKA YA MAHAKAMA NI NINI?

Mahakama haina nguvu ya kuzaliwa nayo. Kifungu cha 159 cha Katiba ya 2010 kinasema kwamba mamlaka ya kutoa haki hutoka kwa wananchi. Basi kila hakimu na kila jaji amekabidhiwa kiasi fulani cha mamlaka hayo, wala haruhusiwi kuvuka kiasi hicho. Mwaka 1989, katika kesi maarufu iliyohusu meli, Jaji Nyarangi wa Mahakama ya Rufaa alieleza kwamba mahakama ikigundua haina mamlaka, haina budi kuweka vifaa vyake chini papo hapo. Ni kama fundi aliyeitwa kujenga katika kiwanja ambacho si cha aliyemwita: hata akiwa hodari namna gani, jengo lake litabomolewa.

Haya si maneno matupu. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilikata shauri lililotoka Pwani. Watu waliopatikana na hatia ya wizi wa mabavu walikuwa wamekata rufaa, na miongoni mwa majaji waliozisikiliza rufaa hizo walikuwamo wa mahakama iliyoundwa kwa ajili ya mambo ya ardhi na mazingira. Mahakama ya Juu ilisema kwamba majaji wa namna hiyo hawana mamlaka katika kesi za jinai, kwa hiyo kazi yote waliyoifanya ikawa bure. Hawakulaumiwa kwa ujinga wala kwa ufisadi. Walikuwa tu wameketi katika kiti kisicho chao.

Tuyapime mamlaka hayo kwa vipimo vitatu: aina ya kosa, mahali, na mtu anayeshtakiwa.

Kipimo cha kwanza ni aina ya kosa. Kesi nyingi za jinai huanza mbele ya hakimu; hata wizi wa mabavu huanzia huko. Lakini mauaji na uhaini husikilizwa na Mahakama Kuu peke yake, ambayo kwa Kifungu cha 165 ina mamlaka yasiyo na mpaka katika kesi za kwanza, za jinai na za madai. Zamani watu wa Nyanza Kusini walilazimika kwenda Kisii kumtafuta jaji. Leo Mahakama Kuu inakaa Homa Bay na inakaa Migori, na hiyo ni faida kubwa tusiyoitumia vya kutosha. Mahakama ya Kadhi haina kazi katika jinai. Yake ni ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu kati ya Waislamu waliokubali kufika mbele yake.

Na chifu je? Chifu si mahakama. Baraza lake halina uwezo wa kumtia mtu hatiani wala kumtoza faini. Wazee nao wana heshima yao, na Katiba yenyewe inahimiza upatanisho. Lakini upatanisho una mpaka. Sheria humruhusu hakimu kuwapatanisha watu waliopigana kidogo au waliokoseana katika jambo la binafsi lisilo zito. Mtoto akinajisiwa, hakuna mzee, mchungaji wala chifu mwenye mamlaka ya kumaliza jambo hilo kwa mbuzi wawili chini ya mti. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 iliutoa uamuzi wa kuikatiza kesi ya namna hiyo mikononi mwa familia na mikononi mwa polisi, na leo uamuzi huo ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Tunayasema haya kwa uchungu, kwa maana makanisa yetu nayo yamewahi kuwa uwanja wa mapatano ya aina hiyo.

Kipimo cha pili ni mahali. Sheria ya Mwenendo wa Jinai inaelekeza kwamba kosa lisikilizwe na mahakama ya eneo lilikotendeka, au ya eneo alikokamatwa mshukiwa, au alikozuiliwa kwa shtaka hilo, au alikofika mwenyewe baada ya kupokea samansi. Kosa likianzia eneo moja na kumalizikia eneo jingine, au likitendeka safarini, mahakama ya eneo lolote kati ya hayo inaweza kulisikiliza. Kukiwa na shaka, Mahakama Kuu ndiyo huamua; tena ina uwezo wa kuihamisha kesi pale inapoonekana kwamba haki haiwezi kutendeka mahali ilipo, au kwa ajili ya wepesi wa wahusika na mashahidi.

Tazameni mfano wa nyumbani. Mwezi Septemba 2018 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo, mja mzito, alichukuliwa Rongo, katika Kaunti ya Migori; mwili wake ukapatikana katika msitu wa Kodera, Kaunti ya Homa Bay. Aliyekuwa gavana wa Migori wakati huo, Okoth Obado, alikamatwa Nairobi, akafikishwa mbele ya Mahakama Kuu ya Nairobi pamoja na wenzake, nao wakayakana mashtaka. Kaunti mbili na jiji moja: mahali pote patatu sheria ingeweza kupakubali. Lakini jiulizeni shahidi wa kijijini aliyeona gari likipita usiku alihitaji nauli kiasi gani na siku ngapi za kuliacha shamba lake. Ndiyo maana mahali pa kesi si jambo dogo. Anayeamua mtu azuiliwe wapi, mara nyingi ameamua pia kesi isikilizwe wapi.

Wasomaji wa Maandiko watakumbuka habari za Mtume Paulo. Alihamishwa usiku kutoka Yerusalemu hadi Kaisaria chini ya ulinzi wa askari kwa sababu njama ya kumwua ilikuwa imefichuka. Na Festo alipotaka kumrudisha Yerusalemu ili kuwapendeza wakuu, Paulo alikataa, akadai kusimama mbele ya kiti cha hukumu cha Kaisari. Mtume alijua kwamba kubadilishwa kwa mahali kunaweza kumwokoa mtu au kumwua, ikitegemea ni nani anayembadilishia, na kwa nia gani.

Kipimo cha tatu ni mtu mwenyewe, yaani nani anaweza kuletwa mbele ya mahakama gani. Raia hapelekwi mbele ya mahakama ya kijeshi kama askari. Jirani zetu wa Uganda wamepita katika tanuri hilo: mwezi Novemba 2024 Kizza Besigye alitekwa hapa Nairobi, akaibuka mbele ya mahakama ya kijeshi Kampala; na tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu ya Uganda ikaamua kwamba kuwashtaki raia katika mahakama za kijeshi ni kinyume cha Katiba ya nchi hiyo. Nanyi mnaoishi karibu na Isebania na Muhuru Bay mfahamu kwamba mtu hakabidhiwi kwa nchi jirani kwa kusukumwa ng'ambo ya mpaka usiku. Iko sheria ya kuwakabidhi washukiwa, na mlango wake ni mahakama.

SAA 24

Sasa tuingie katika utaratibu. Kifungu cha 49 kinampa mtu aliyekamatwa haki ya kuelezwa mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake. Haki ya kunyamaza. Haki ya kuwasiliana na wakili na mtu mwingine ambaye msaada wake unahitajika. Na haki ya kutolazimishwa kukiri. Kisha afikishwe mahakamani upesi iwezekanavyo, na isizidi saa 24. Kama saa hizo zinakwisha nje ya saa za kazi au katika siku isiyo ya mahakama, mwisho ni kufungwa kwa siku ya mahakama inayofuata.

Hapo ndipo penye mtego wa Ijumaa na Jumamosi. Mtu aliyekamatwa Jumamosi anaweza kukaa hadi Jumatatu jioni bila sheria kuvunjwa. Basi saa hizo za mwisho wa juma ndizo za kukesha. Mwalimu wetu alikamatwa Jumamosi. Hata tukikubali kwamba polisi wa Kenya wana uwezo wa kumkamata mtu popote nchini, na hata tukikubali kwamba mahakama ya Nairobi ingeweza kusikiliza malalamiko yale, bado swali linabaki: palikuwa na haja gani ya kumpitisha mbali na mahakama za Homa Bay na Oyugis, mbali na baba yake, mbali na wakili wa karibu, kwa ajili ya maneno yaliyoandikwa? Katiba ilimpa muda yule mtu aliyekamatwa. Haikumpa polisi muda wa kufanya apendavyo.

Wenye umri wetu wanakumbuka tulikotoka. Mwaka 1988 Katiba ya wakati ule ilibadilishwa, polisi wakaruhusiwa kumzuilia mshukiwa wa kosa la kifo kwa siku 14 bila kumfikisha mahakamani. Katika badiliko hilo hilo majaji waliondolewa ulinzi wa kazi zao, nao haukurudishwa hadi 1990. Watu walitolewa katika vyumba vya chini vya Nyayo House wakiwa wamekwisha kuvunjwa moyo na mwili, wakafikishwa mbele ya hakimu jioni bila wakili, wakakiri na kufungwa. Saa 24 za leo hazikuangushwa na upepo. Zililipiwa.

Ikiwa mtu amekamatwa na hajulikani alipo, iko amri ya kumtaka anayemzuilia amlete mahakamani, mzima, na kueleza sababu ya kumzuilia. Kwa Kifungu cha 25 haki hiyo, pamoja na haki ya kusikilizwa kwa usawa na haki ya kutoteswa, haiwezi kupunguzwa na serikali yoyote kwa kisingizio chochote. Na Mahakama Kuu iko mlangoni mwenu.

DHAMANA, KISHA KESI

Siku ya kwanza mahakamani mtu ashtakiwe, au aelezwe kwa nini bado anazuiliwa, au aachiliwe. Kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya haki ndiyo kanuni. Kunyimwa kunahitaji sababu nzito. Kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita, halimpeleki mtu rumande. Hata katika kosa la mauaji mlango haujafungwa: gavana tuliyemtaja alinyimwa kwanza, kisha mwezi Oktoba 2018 akaachiliwa kwa masharti makali, miongoni mwake kutoukaribia mpaka wa Homa Bay. Kama mlango huo ulimfungukia mkubwa, na umfungukie pia mvuvi wa Mbita na mwendesha bodaboda wa Awendo. Tena dhamana ya polisi haiuzwi. Fedha ikiwekwa mahakamani, risiti itolewe, na fedha hiyo hurudishwa kesi ikiisha kama masharti yalitimizwa.

Kisha hati ya mashtaka husomwa. Hapa tuwe macho. Mashtaka yasomwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, iwe Dholuo, Kikuria, Kisuba au Kiswahili, na mkalimani halipiwi na mshtakiwa. Wengi wamefungwa kwa neno moja, "ni kweli," wakidhani wanathibitisha jina lao. Akikana, upande wa mashtaka ndio wenye mzigo wa kuthibitisha. Yeye hana wajibu wa kuonyesha kwamba hana hatia. Anayeamua kushtaki si mlalamishi wala si polisi. Ni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, kwa Kifungu cha 157, naye hapokei amri ya mtu.

Mashahidi wa mashtaka wakiisha, mahakama huamua kama kuna kesi ya kujibu. Neno hili huwachanganya wengi. Katika kesi ya mwanafunzi wa Rongo, mapema mwaka 2025 jaji aliamua kwamba washtakiwa wana kesi ya kujibu, na watu mitaani wakaanza kusema wamekwisha kufungwa. Sivyo. Maana yake ni kwamba ushahidi umefikia mahali ambapo mshtakiwa apewe nafasi ya kujitetea: kwa kiapo, bila kiapo, au kwa kunyamaza. Lakini oneni pia kwamba zaidi ya miaka sita ilikuwa imepita tangu mauaji yale. Katiba inasema haki isicheleweshwe, kwa mshtakiwa na kwa mama aliyefiwa pia. Mwisho, aliyehukumiwa na hakimu ana siku 14 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Siku hizo zihesabiwe tangu siku ya hukumu, si tangu siku familia itakapopata nauli.

KAZI YETU

Ndugu zetu, asiyejua haki yake hawezi kuidai. Tunawaomba kila parokia, kila usharika na kila kamati ifanye mambo matano.

Kwanza, wachagueni watu wawili au watatu, mwanamke akiwemo, ambao wakiarifiwa kwamba fulani amekamatwa watakwenda kituoni siku ile ile, kwa adabu na bila ugomvi, waulize jina la afisa, sababu, na namba iliyoandikwa katika daftari la matukio. Mtu aliyeandikwa na kuonwa ni vigumu kupotea. Kama amehamishwa, waulize amepelekwa kituo gani na kwa amri ya nani, nao wawapigie simu wenzetu walioko huko kabla gari halijafika.

Pili, iwepo orodha ya mawakili waliokubali kusaidia, na simu ya mmoja wao ijulikane hata siku ya Jumapili. Pale ambapo mtu angepata dhuluma kubwa kwa kukosa wakili, serikali inapaswa kumpa mmoja bila malipo. Lakini mtu akumbushwe kuomba.

Tatu, uwepo mfuko mdogo wa dhamana, wenye hesabu zinazosomwa hadharani kama zisomwavyo hesabu za sadaka.

Nne, tuhudhurie mahakamani. Kesi husikilizwa mbele ya umma kwa sababu umma unatakiwa kuwapo. Hakimu anayejua kwamba benchi zimejaa watu watulivu wanaoandika hukumbuka kiapo chake.

Tano, tuikatae njia ya moto. Tarehe 3 Julai 2025, mwili wa Albert Ojwang uliporudishwa nyumbani, kituo cha Mawego kiliteketezwa. Hasira ile tunaielewa. Hatuwezi kumtazama mzazi aliyefiwa na kumwambia asilie. Lakini moto haubagui kati ya dawati na daftari. Daftari la kituo ndilo linaloonyesha nani alimleta mtu, saa ngapi, na nani alimtoa. Tukilichoma, tumemchoma shahidi wetu wenyewe, na aliyetenda kosa ndiye atakayeota moto huo.

Mnakumbuka Nikodemo alivyosimama kati ya wakuu wenzake akauliza kama torati yao humhukumu mtu kabla ya kumsikia na kujua alilolitenda. Alikuwa mmoja, nao wakamdhihaki. Hata hivyo swali lake lilikuwa la haki, na ndilo tunalotaka lisikike katika kila kituo cha polisi kuanzia Kehancha hadi Kendu Bay. Tuliulize kwa sauti ya upole, tuliulize tena kesho, na tusiondoke mlangoni kabla ya kujibiwa.

Mungu awabariki, na aibariki nchi yetu Kenya.